Kombe la Dunia la Vijana wa Kike katika Mpira wa Magongo: Umri kama Mlango na Kizingiti

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Katika mpira wa magongo, ubichi huo umewekewa tarehe. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo (FIH) huandaa Kombe la Dunia la vijana ambalo kanuni yake kuu ni umri: mchezaji haruhusiwi kushiriki iwapo alikwisha kutimiza miaka 21 kabla ya mwaka wa mashindano kuanza. Katika kombe la wanawake la mwaka 2023, aliyezaliwa Januari 1, 2002 alikuwa na haki ya kucheza. Aliyemtangulia kuzaliwa kwa siku moja tu hakuwa nayo. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kanuni hii, inayoonekana kuwa ya kiutawala tu, inavyoamua ni nani atakayeonekana na ulimwengu na ni nani atakayesahaulika.

Vijana wa kiume walianza kuwania kombe lao mwaka 1979 mjini Versailles, Ufaransa. Wasichana walisubiri miaka kumi zaidi, hadi mwaka 1989 huko Ottawa, Kanada, ambako Ujerumani Magharibi ilitawazwa mabingwa. Kuanzia hapo hadi mwaka 2013, kombe lilichezwa kila baada ya miaka minne. Kwa watu wazima, miaka minne ni muda wa kujipanga upya. Kwa vijana, muda huo huo ni karibu ujana wote.

Chukua mfano wa msichana aliyezaliwa mwaka 1991. Kombe lilipochezwa katika eneo la Boston, Marekani, mwaka 2009, alikuwa na miaka 18, na ilimbidi ashindanie nafasi na wenzake wa miaka 21 waliokwisha kukomaa kimwili na kimchezo. Lilipofika Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 2013, alikuwa na miaka 22, na mlango ulikuwa umefungwa. Mdogo wake aliyezaliwa mwaka 1992 aliingia uwanjani mwaka huo akiwa katika umri bora kabisa. Hapana shaka kwamba baadhi ya waliokosa kombe hili hawakukosa kwa uhaba wa kipawa.

Waliobahatika, kwa upande mwingine, walifunguliwa njia pana. Luciana Aymar wa Argentina, mzaliwa wa mwaka 1977, alikuwa katika kikosi kilichoshika nafasi ya tatu huko Seongnam, Korea Kusini, mwaka 1997; baadaye aliteuliwa na FIH kuwa mchezaji bora wa dunia mara nane. Kisa cha Rani Rampal wa India kina kinaya chake. Binti huyu wa mvuta mkokoteni kutoka Shahabad, jimbo la Haryana, alicheza Kombe la Dunia la wakubwa mwaka 2010 akiwa na miaka 15, kisha ndipo akashiriki la vijana mwaka 2013, ambako India ilitwaa medali ya shaba. Miaka minane baadaye alikuwa nahodha wa timu ya India iliyomaliza ya nne katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Ratiba nayo iliwahi kuongeza ugumu. Baada ya kombe la Santiago, Chile, mwaka 2016, lililofuata lilipangwa kufanyika Potchefstroom, Afrika Kusini, Desemba 2021. Hiyo ingekuwa mara ya kwanza kwa wasichana hao kushindana katika ardhi ya Afrika. Mwishoni mwa Novemba, wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza aina mpya ya virusi vya korona iliyoitwa Omicron. Nchi nyingi zikasitisha safari za ndege, na mashindano yakaahirishwa zikiwa zimesalia siku chache. Hatimaye yalichezwa Aprili 2022 na Uholanzi ikaishinda Ujerumani mabao 3 kwa 1 katika fainali. Tangu wakati huo kombe limekuja kwa kasi zaidi: Santiago mwaka 2023, na Santiago tena mwaka 2025. Muda mfupi huo baina ya mashindano ni haki kubwa kuliko hata nyongeza ya timu kutoka 16 hadi 24 iliyofanywa mwaka 2025, kwani humpa msichana nafasi ya pili.

Hata hivyo, nafasi pekee haitoshi. Uholanzi imelitwaa kombe hili mara sita, na katika fainali zake nyingi ilikabiliana na Argentina. Sababu moja inaonekana katika kona ya adhabu. (Istilahi yenyewe haijatulia katika Kiswahili, wapo wanaoiita kona fupi.) Mshambulizi husimama kwenye mstari wa nyuma, angalau mita 10 kutoka mwimo wa lango, na kuusukuma mpira utoke nje ya nusu duara, ambako wenzake huungoja. Walinzi wasiozidi watano, kipa akiwamo, hukaa nyuma ya mstari; wengine hupelekwa ng'ambo ya mstari wa kati. Pigo la kwanza la nguvu halina budi kuvuka mstari wa lango chini ya kimo cha sentimita 46. Lakini anayeukokota mpira kwa gongo kisha akaurusha hafungwi na kikomo hicho. Ufundi huo huhitaji miaka ya mazoezi, na huhitaji nyasi bandia zilizomwagiwa maji ili mpira uteleze bila kurukaruka. Msichana aliyejifunzia kwenye uwanja wa murramu hufundishwa na mashimo kuukinga mpira, si kuukokota.

Ndipo suala la Afrika linapojitokeza. Katika makombe ya mwaka 2016, 2022 na 2023, bara hili liliwakilishwa na Afrika Kusini na Zimbabwe. Mwaka 2025 Namibia iliongezeka. Kenya haikuwamo, ilhali klabu yake ya wanawake ya Telkom, iliyokuja kuitwa Blazers, imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi. Yaonekana ustadi wa watu wazima upo. Kinachokosekana ni daraja la kuuvusha kwa wadogo kabla mwaka wao wa kuzaliwa haujapitwa. Msichana wa Kenya aliyezaliwa mwaka 2004 alitimiza miaka 21 mwaka 2025, na kwake hesabu imekwisha. Kwa utaratibu wa kila miaka miwili, aliyezaliwa mwaka 2006 angali na mwaka 2027.