Pa ya Paraa si pa ya mahali

Msemaji wa Kiswahili anayevuka mpaka wa Goli kuingia Uganda hukutana na majina mawili yanayoweza kumfanya adhani bado yuko nyumbani. La kwanza ni Pakwach, mji ulio kando ya Mto Nile. La pili ni Paraa, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Murchison Falls. Yote mawili huanza na pa, kama tusemavyo mahali pa kulala. Nitaeleza kwa nini kufanana huko ni kwa bahati tu, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi watu wa Ituri.

Mwezi wa kwanza mimi na mke wangu tulitoka Bunia kwa gari, tukapita Iga-Barrière, Mahagi na Nebbi mpaka Pakwach. Nia yetu ilikuwa kuona wanyama na maporomoko. Mke wangu ni Mualur wa Mahagi, na Kialur husemwa pande zote mbili za mpaka; kuanzia kwao mpaka daraja la Pakwach hakuhitaji Kiswahili. Mbugani tuliona tembo, nyati na twiga. Kwenye maporomoko, Nile yote hubanwa katika mwanya wa mita kama 7, kisha huanguka mita 43 hivi. Tulisimama hapo mpaka nguo zikalowa kwa manyunyu. Chini yake, mtoni, viboko walikuwa wengi. Mke wangu aliwaonyesha kwa kidole akasema: "Raa." Paraa, basi, ni kwao viboko. Na kwa kuwa chui huitwa kwac, Pakwach ni kwake chui.

Sasa tutazame hiyo pa. Katika Kiswahili, pa ya mahali pa Okello ina sehemu mbili: p- ya upatanisho wa ngeli na -a ya uhusiano. Jina likibadilika, upatanisho nao hubadilika: nyumba ya Okello, kitabu cha Okello. Katika Kiacholi, ndugu wa karibu wa Kialur, nyumba ya Okello ni ot pa Okello, na kitabu chake ni buk pa Okello. Pa haibadiliki, kwa sababu lugha hizo hazina ngeli za Kibantu. Ni neno la umilikaji, na halihusu mahali peke yake. Sauti ni moja, mitambo ni miwili.

Undugu wa kweli wa lugha huonekana kwa namna nyingine. Mjaluo wa Kisumu, mbali sana na Mahagi, humwita kiboko rao, na chui kwach. Hapo tuna maneno kadhaa ya msingi yanayolingana kwa sauti na kwa maana pamoja. Silabi moja haiwezi kubeba ushahidi wa namna hiyo.

Jioni, katika nyumba ya wageni, msafiri mmoja kutoka Bunia aliyasikia mazungumzo yetu. Akasema: "Kaka, kama pa ni ya Kibantu, basi hii nchi yote ilikuwa ya Wabantu." Alisema kwa kucheka, lakini huko kwetu hoja kama hiyo si ya kuchekesha. Vita vilivyoanza Ituri mwaka 1999 kati ya Wahema na Walendu vilihusu ardhi, na mpaka leo wapo wanaotumia jina la kilima au la mto kama hati ya shamba. Nilimkumbusha Wahema wa kaskazini, katika Djugu: wanasema Kilendu, ambacho si lugha ya Kibantu, na bado ni Wahema. Lugha inaweza kuhama bila watu kuhama, na watu wanaweza kubaki wakabadilisha lugha.

Jina lenyewe la mbuga linatupa somo hilohilo. Mwaka 1864 Samuel Baker na mkewe Florence walifika kwenye maporomoko hayo. Baker akayapa jina la Roderick Murchison, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London. Jina hilo halisemi neno juu ya maji wala wanyama, wala halithibitishi kwamba Murchison aliwahi kukanyaga hapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutumia jina la mahali kama ushahidi, tuulize mambo matatu. Neno hili linafanyaje kazi katika lugha yake yenyewe? Je, lina ndugu wengine katika lugha za jirani? Nani alilitoa, na kwa nini? Paraa hutuambia kwamba wasemaji wa Kiluo waliwaona viboko hapo, na viboko bado wapo. Nani alifika wa kwanza, jina hilo halisemi.