Shamba la Mama na Hati ya Baba

Leo tutazungumza habari ya karatasi iliyopunguza nguvu za wanawake wengi. Karatasi hiyo ni hati ya shamba. Tutatazama nchi ya Wakikuyu, katika Kenya.

Kabla ya Waingereza kuja, mwanamke wa Kikikuyu alipoolewa alipewa nyumba yake mwenyewe na mashamba ya kulima. Mavuno aliyaweka katika ghala yake, na mume hakuyachota apendavyo. Kilichozidi mama alikipeleka sokoni. Sisemi kwamba alikuwa sawa na mwanamume. Ardhi ilikuwa ya ukoo, yaani mbari, na kwa kawaida binti hakurithi kwa baba yake. Lakini mume peke yake hakuweza kuliuza shamba analolima mkewe, maana wazee wa mbari walikuwa na neno.

Mwaka 1901 Serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba. Kila mke alikuwa na nyumba yake, basi mwenye wake watatu alilipia zote tatu. Fedha zilipatikana wapi? Kwa masetla, kwenye reli, na Nairobi. Wanaume wakaenda, na kazi waliyoiacha ikawaangukia wake zao. Tena, machifu na wakubwa wa vijiji waliowekwa na Serikali walikuwa wanaume, isipokuwa wachache sana, kama Wangu wa Makeri wa Murang'a.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ilitaka matuta yachimbwe ili mvua isichukue udongo. Nani alichimba? Wanawake kwa wingi, bila mshahara. Mwezi wa Aprili 1948, wanawake wapatao 2,500 walikwenda Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, wakicheza na kuimba. Wakatangaza kwamba hawachimbi tena, kazi ya nyumbani inawatosha!

Sasa tufike kwenye hati. Mwaka 1954 ofisa mmoja wa kilimo, Bwana Swynnerton, aliandika mpango. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikusanywe pamoja, vipimwe, na mwenyewe apewe hati, apate kupanda kahawa na kukopa fedha. Mpango huo ulikuwa na faida, wala si haki kuificha. Lakini ulifanywa wakati wa Hali ya Hatari. Maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini, na watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Kamati zilizogawa ardhi zilikuwa za wanaume, na jina lililoandikwa katika daftari lilikuwa, karibu kila mara, la mwanamume.

Hapa sikilizeni vizuri. Kwa mila, shamba moja lilibeba haki nyingi: haki ya mbari, haki ya mume, haki ya mke kulima, haki ya mjane kukaa. Daftari liliuliza neno moja tu: mwenyewe ni nani? Uhuru ulikuja mwaka 1963, daftari likabaki. Katika miaka ya 1970 Mahakama Kuu iliamua zaidi ya mara moja kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye shamba, hata kama mila yasema vingine. Basi mume aliweza kuuza au kuweka rehani, na mke akapata habari siku mnunuzi alipokuja kuweka mipaka.

Sheria zilibadilika polepole. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika 1981. Ikaja Katiba ya 2010, na mwaka 2013 sheria ya mali ya wanandoa, isemayo kwamba mali hiyo isiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili.

Kazi yenu kabla ya kipindi kijacho: ulizeni nyumbani, hati ya shamba mnalolima ina jina la nani? Andikeni jina hilo katika daftari zenu.