Kompyuta yazima ukiipa kazi nzito? Usikimbilie Windows mpya

Usidhani baridi ya Gesima itaokoa kompyuta yako ya mezani. Kama Facebook inafunguka fiti lakini mashine inazima ghafla ukihariri video ya harusi ya mteja, usilipie Windows mpya kabla ya kupima vyuma.

Anza na joto. Weka HWMonitor, ipe kazi, tazama. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi au hujizima zisiungue. Toa vumbi kwenye feni, badilisha pesti.

Joto liko sawa? Pima RAM usiku kucha kwa MemTest86. Kosa hata moja si la kupuuza.

RAM ni safi? Azima pawa saplai ya beshte: iliyochoka hulemewa kazi ikizidi.

Badilisha kimoja kimoja, ama utanunua vipuri bure.