Lee Chong Wei: namba moja asiye na dhahabu

Wadau, huyu Mmalaysia alikaa namba moja duniani kwenye vinyoya wiki 349, lakini Olimpiki aliambulia fedha tu, tena mara tatu!

2008 na 2012 alizimwa na Lin Dan wa China. Ile ya London 2012 ndo iliuma: kwa wasiojua, seti ni pointi 21 na mshindi anachukua mbili. Ya tatu ikaisha 21-19. Rio 2016 akamtoa Lin Dan nusu fainali, mkadhani kamaliza kazi? Fainali akamkuta Mchina mwingine, Chen Long. Akalala.

Ubingwa wa dunia nao hola. 2018 akakutwa na saratani ya pua, akatibiwa, akatamani kurudi, ila Juni 2019 akatundika raketi, miaka 36.