Je, Wajua? Onyo Kuhusu Mbuta Lilitolewa Mapema

Je, wajua kwamba mbuta, yaani sangara, samaki anayeuzwa leo kuanzia Dunga hadi Mbita, si mwenyeji wa Ziwa Victoria? Aliletwa kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Na kabla hajaletwa, wataalamu walikwisha kuonya. Onyo lao lilichapishwa, likasomwa, kisha likapuuzwa.

Wa kwanza alikuwa Mwingereza Michael Graham, aliyechunguza uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928. Nyavu za kutega zilizoingia ghuba ya Kisumu mwaka 1905 zilikuwa zimeshaanza kummaliza ngege, samaki aliyependwa kuliko wote. Katika ripoti yake ya 1929, Graham alishauri kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Akaongeza kwamba kuleta samaki mkubwa anayekula wenzake, bila utafiti mpana kutangulia, ni hatari kubwa mno. Ushauri wa nyavu uliingizwa kwenye sheria, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria yenyewe ilikuwa imeachwa.

Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti Jinja, aliandika makala ya kupinga mpango wa kumleta mbuta. Mwaka huohuo mbuta alishaonekana upande wa Uganda. Mwaka 1962 na 1963 wengine walimwagwa ziwani kwa idhini ya serikali, Kisumu ikiwa mojawapo ya sehemu walikomwagwa.

Je, wajua sababu ya kumleta? Ni fulu. Hawa ni samaki wadogo wenye miiba mingi, na maafisa wa uvuvi waliwahesabu kuwa takataka. Hoja yao ilikuwa kwamba mbuta angewala fulu na kuwageuza kuwa nyama ya kuuzika. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi, maana waliodharauliwa ni pamoja na watu wa ufuoni, ambao kwao fulu aliyeanikwa juani alikuwa chakula cha kila siku. Wanasayansi wanakadiria kwamba fulu walikuwa wa aina zipatazo 500, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani, na kwamba walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani. Mbuta alipofurika mwanzoni mwa miaka ya 1980, inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka. Uchafu wa mashambani na mijini nao ulichangia.

Mbuta aliyekomaa anaweza kupita kilo 100. Ameleta viwanda, ajira na fedha za kigeni, na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini minofu yake ikapanda ndege kwenda Ulaya, na Kisumu pakazuka soko la mgongo wazi: kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani, inayokaangwa na kuuzwa kwa wenye kipato kidogo. Isitoshe, mbuta ana mafuta mengi na hakauki vizuri juani kama fulu. Lazima abanikwe, na kuni zikatwe. Omena peke yake, kati ya samaki wadogo wa kienyeji, ndiye aliyestahimili ujio wa mbuta na hata kuongezeka.

Je, wajua kwamba ngege bado yupo? Yumo katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, lililozungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala, mahali ambapo mbuta hakuingia. Fulu wa aina ambazo hazionekani tena katika Ziwa Victoria nao wamepatikana humo. Sehemu ya kinamasi hicho imekwisha kukaushwa kwa ajili ya kilimo, na mipango ya kupanua mashamba imekuwa ikirudi kila baada ya miaka michache. Wanaoiandaa wangeanza kwa kuisoma ripoti ya 1929, safari hii kabla ya kuamua.