Rejeta za nyumba zikipoa msimu wa baridi: Chanzo na tiba yake

WAKENYA wanaohamia Uingereza kwa masomo au kazi hukuta nyumbani kifaa ambacho wengi wao hawakukulia nacho: rejeta, lile bapa la chuma linalobanwa ukutani, ambalo hutegemewa kuipasha nyumba joto miezi yote ya baridi.

Kwa Mkenya, neno rejeta humkumbusha gari. Tofauti ni kwamba rejeta ya gari huondoa joto la injini na kulitupa nje, ilhali ya nyumba hupokea joto kutoka kwa boila na kulisambaza chumbani.

Kifaa hicho kinapopoa, jambo hilo si kero tu. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza nyuzi 18 za Selisiasi kuwa kiwango salama cha joto ndani ya nyumba majira ya baridi. Wazee, watoto na wagonjwa wa moyo au mapafu huhitaji joto zaidi ya hapo.

Hata hivyo, hitilafu nyingi za rejeta hujieleza zenyewe. Anayejua jinsi mfumo unavyofanya kazi anaweza kutambua kasoro kwa kupapasa tu sehemu iliyopoa.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Boila, ambayo aghalabu hutumia gesi, hupasha maji joto. Pampu huyasukuma maji hayo mabombani hadi katika kila rejeta, kisha huyarejesha kwenye boila yapashwe upya. Maji ni yale yale yanayozunguka. Hayachanganyiki na maji ya kuoga wala ya kunywa.

Iwapo rejeta zote zimepoa, chanzo kitafutwe kwanza katika mambo madogo. Je, saa ya mfumo imewekwa sawa? Je, kidhibiti joto cha ukutani kimeshushwa mno? Nyumba nyingi za kupanga hutumia mita za gesi za kulipia kabla, mfano wa tokeni za stima nchini Kenya. Salio likiisha, boila huzima.

Hatua ya pili ni kutazama geji ya boila. Katika mifumo isiyo na tangi darini, mshale husoma kati ya baa 1 na 1.5 maji yakiwa baridi. Ukishuka mno chini ya hapo, boila nyingi hukataa kuwaka. Maji huongezwa kwa kufungua koki ndogo iliyo karibu na boila hadi kiwango kifike, kisha koki hufungwa barabara. Iwapo mshale unashuka tena na tena, kuna mahali panapovuja, na kuongeza maji kila wiki si tiba.

Nyakati za barafu huwa na kasoro yake. Boila za kisasa hutoa matone ya maji kupitia bomba la plastiki, ambalo mara nyingi huelekezwa nje. Maji hayo yakiganda, boila hutoa sauti ya kububujika kisha hujizima. Bomba hilo humwagiwa maji ya uvuguvugu, wala si ya moto mkali yanayoweza kulipasua, halafu boila huwashwa upya.

Ikiwa rejeta ina joto chini lakini ni baridi juu, kuna hewa iliyonaswa ndani. Mkazi wa Nairobi aliyezoea mgao wa maji anajua jinsi mfereji unavyofoka hewa kabla ya maji kutoka. Katika rejeta, hewa hiyo hupanda juu na kuyazuia maji kufika huko.

Dawa ni kuzima mfumo na kuuacha upoe. Kitambaa na bakuli huwekwa chini ya skrubu ndogo iliyo pembeni, upande wa juu. Skrubu hulegezwa kidogo kwa ufunguo maalumu unaouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Hewa itatoka kwa mvumo. Maji yakianza kutiririka bila kukatika, skrubu hufungwa. Baada ya hapo geji itazamwe tena, kwani kutoa hewa hupunguza shinikizo.

Ikiwa rejeta ina joto juu na ni baridi chini, tatizo ni tope jeusi. Chuma kinapoliwa na kutu ndani ya maji, chembechembe zake huzama na kuziba njia. Hapa kutoa hewa hakusaidii. Rejeta hufunguliwa ikasafishwa, au fundi huusafisha mfumo mzima kisha akatia dawa ya kuzuia kutu.

Huenda rejeta moja pekee ikawa baridi pande zote huku nyingine zikiwaka. Mshukiwa wa kwanza ni vali yenye namba, iliyo kwenye ncha moja ya rejeta. Ndani yake mna pini inayopanda na kushuka. Vali ikifungwa majira yote ya kiangazi, pini inaweza kunata. Kichwa cha vali hufunguliwa na pini kubonyezwa taratibu hadi iweze kuinuka yenyewe. Isivutwe kwa koleo, kwani ikichomoka maji yatamwagika.

Kasoro nyingine hufanana na ile inayojulikana na wakulima wa mpunga wa Mwea: walio karibu na mdomo wa mfereji wakichota mno, walio mwisho hukosa. Rejeta zilizo karibu na boila zikiunguza huku za mbali zikiwa baridi, vali za zile za karibu hupunguzwa kidogo kidogo ili maji yagawike sawa.

Hayo yote ni kazi ya upande wa maji. Upande wa gesi una mpaka usiovukwa. Kifuniko cha ndani cha boila hufunguliwa tu na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, sajili iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka wa 2009. Anayenusa gesi afungue madirisha, asiguse swichi yoyote, atoke nje na kupiga simu 0800 111 999, nambari ya dharura ya Uingereza bara, Scotland na Wales.

Mpangaji naye ana haki. Nchini Uingereza bara na Wales, ukarabati wa mfumo wa joto ni wajibu wa mwenye nyumba kisheria, na vifaa vyake vya gesi ni sharti vikaguliwe kila mwaka. Malalamishi yaandikwe, yawe na tarehe na picha. Kuacha kulipa kodi kwa hasira si njia ya kudai haki, kwani humweka mpangaji katika hatari ya kufukuzwa.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kila msimu wa baridi nchini Kenya, kuna familia zinazoingiza jiko la makaa chumbani na zisiamke. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu itokayo kwenye moto huo, haina rangi wala harufu. Nyumba za kisasa za Uingereza hujengwa kwa kuzibwa nyufa ili joto lisitoroke, hivyo sumu hiyo hujaa upesi. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu kadhaa nyumbani kwa pamoja, watoke nje mara moja na watafute matibabu.

Rejeta zikigoma usiku, blanketi, nguo nzito na hita ya umeme vinatosha hadi fundi afike. Jiko la makaa na lile la kuchomea nyama yabaki nje.