Kwa nini programu ya muziki huishiwa kumbukumbu?

Watayarishaji wa muziki wanaotumia programu za zamani hukabiliwa na fumbo: programu huzimika ghafla, ilhali kompyuta ingali na kumbukumbu tele.

Chanzo ni hesabu. Programu ya biti 32 huandika kila anwani ya kumbukumbu kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, hivyo haiwezi kuvuka gigabaiti 4. Katika Windows ya biti 32, kwa kawaida hupewa 2 tu. Piano moja ya kompyuta, yenye sauti zilizorekodiwa, yaweza kumeza sehemu kubwa. Kununua kumbukumbu zaidi ni kutwanga maji kinuni.

Dawa ni kuhamia toleo la biti 64. Asiyeweza, aigeuze kila ala iliyokwisha kupigwa kuwa faili la sauti, kisha aiondoe. Na ahifadhi kazi mara kwa mara, kwani isiyohifadhiwa hupotea programu inapozimika.